Msimwambie Mzee "Pumzika"

Hii hotuba ya wazee wenye dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau na kuchanganyikiwa, niliitoa Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, kwenye mkutano wetu wa mtaa hapa Ujiji. Dada mmoja alinirekodi kwenye simu, nimekaa nayo usiku mbili nimeiandika kama nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipokuwa najirudia maana najijua.

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni. Mwenyekiti wetu, mashehe, akina mama wa dagaa naona mmeacha vichanja mmekuja na jua hili, asanteni sana. Mimi mnanijua, ni fundi cherehani, siyo daktari, kwahiyo nikikosea jina la ugonjwa mnisamehe, ila haya ya nyumbani nitakayoyasema sijasimuliwa na mtu, nimeyaishi.

Baba yangu ni fundi nyavu. Sisemi alikuwa, nasema ni. Zaidi ya miaka arobaini nyavu za watu wa Ujiji, Katonga na Kibirizi zimepita mikononi mwake, na wengine humu ndani mmekula samaki walionaswa na mafundo yake bila kujua. Sasa mwaka 2021 mambo yakaanza kubadilika, na wala hakuanza kwa kusahau majina kama watu wanavyodhani, alianza kwa chenji. Unampa elfu kumi anunue sukari, anarudi na sukari na hela hazieleweki, ukimuuliza anakuwa mkali, alafu akawa anaficha pesa kwenye viatu, kwenye msala, alafu anasema wajukuu wamemwibia. Baadae akawa anaamka saa nane usiku anavaa koti anasema anawahi boti. Boti gani Baba? Boti zenyewe za wenzake ambao wengi wameshatangulia mbele za haki.

Tulimpeleka hospitali, sitaitaja, tukaambiwa ni uzee tu huo, mpeni maziwa na matunda. Tukarudi nyumbani na maziwa yetu. Ilichukua mwaka mzima kumpata daktari aliyekaa naye kitako, akampima damu, akamwangalia masikio na macho, akauliza dawa zote anazotumia, maana alisema kuna vitu kama maambukizi ya mkojo, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini au huzuni kali vinaweza kumfanya mzee achanganyikiwe na vikitibiwa anaweza kurudi sawa, kwahiyo msikimbilie kusema ni ule ugonjwa. Kwa Baba ikawa ndo wenyewe, dimenshia, na aina yake ni hii ya Alzheimer ambayo ndo inawapata wengi, asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia. Hauna dawa ya kuuponya. Na siyo uzee tu, hilo nataka mlishike, uzee ni kitu kingine na huu ni ugonjwa wa ubongo kama vile presha ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikuwepo watu milioni 57 wenye dimenshia duniani na zaidi ya nusu wako nchi kama zetu hizi. Na hapa hapa Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, wataalamu walipita vijijini wakapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakakuta kama sita katika kila mia wanao. Sasa wewe hesabu wazee wa mtaa wako.

Tukafanya kile ambacho kila mtoto mwenye adabu anafanya. Tulimwambia Baba pumzika. Tukamnyang'anya sindano ya nyavu, ile bapa inayojazwa uzi wa kuzibia, kisu, uzi, vyote vikafungwa kwenye ndoo vikawekwa juu ya kabati. Tukamnunulia kiti kizuri cha plastiki chenye mikono, tukamkalisha barazani, chai inamfuata, uji unamfuata, hata maji ya kutawadha yanamfuata. Watu wanapita wanasema maashallah mnamtunza mzee. Na mimi nilijisikia vizuri, siwafichi.

Miezi nane. Ndani ya miezi nane yule mzee aliyekuwa anatembea mwenyewe mpaka msikitini akawa anashikwa mkono kwenda chooni, akawa haongei, anashinda anang'oa nyuzi za kikoi chake mpaka pindo limekwisha. Mimi fundi nikawa namshonea pindo jipya, baada ya siku mbili limekwisha tena, nikawa nakasirika, nikamwambia Baba unaharibu nguo. Sikuelewa kabisa ninachoangalia.

Alafu usiku mmoja nimeamka kama saa tisa nasikia chumbani kwake chandarua kinavutwa vutwa. Nikaingia na tochi ya simu. Amekaa kitandani, miguu chini, amevuta chandarua mapajani, kile cha zamani chenye matundu ya panya, na ule uzi wa kikoi ameusokota vizuri ameuloweka mate, anaziba. Hana sindano, anatumia kucha na ncha ya uzi. Nikasogea nikaangalia yale mafundo. Jamani, mimi nashona tangu nina miaka kumi na sita, najua fundo la kubahatisha na fundo la fundi. Yale yalikuwa yamelingana, jicho na jicho, yamekaa sawa kabisa gizani. Hakuniangalia, alisema tu "shika huku," nikashika. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikaishusha ile ndoo kabatini.

Kwanini mikono inabaki? Hili nililisoma na daktari naye akanieleza. Kumbukumbu za mtu haziko stoo moja. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshika mambo mapya, nani kaja leo, umekula nini, umeweka wapi funguo, inaitwa hipokampasi, na jina hilo limetokana na farasi wa baharini, yule samaki mwenye kichwa kama farasi, kwahiyo watu wa ziwani msishangae hata kichwani mna samaki. Ugonjwa huu mara nyingi unaanza kula maeneo hayo. Lakini yale mambo ambayo mwili umeyafanya mara elfu na elfu, kufunga fundo, kupepeta, kusuka ukili, kuendesha baiskeli, yanatunzwa sehemu nyingine, huko ndani kabisa na huku nyuma kisogoni, na ugonjwa unachelewa kufika huko.

Kuna Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa sababu ya kifafa, wakamtoa sehemu hizo za kumbukumbu pande zote mbili. Yeye hakuwa na dimenshia, ila alipotoka pale hakuweza tena kushika jambo jipya. Mtaalamu aitwaye Brenda Milner akampa kazi, achore mstari kuzunguka nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo, ni kazi ngumu, jaribuni nyumbani. Siku ya kwanza akaboronga, siku zilizofuata akawa anachora vizuri zaidi na zaidi, na kila akikaa anasema hii kazi sijawahi kuiona. Mkono umejifunza, mwenyewe hana habari. Niliposoma hiyo nikaweka simu chini nikamwangalia Baba barazani.

Sasa msije mkadhani niliposhusha ndoo mambo yakawa mteremko. Nilifanya makosa mawili makubwa na nitayasema yote.

La kwanza, nilimdanganya. Nilimpa kipande cha nyavu kibovu kisicho na mwenyewe, aziba mchana, usiku nafumua yale mafundo ili kesho apate cha kufanya. Nikajiona mjanja sana. Siku ya nne akashika ile nyavu, akaipitisha vidoleni, akasema "nani anafumua kazi yangu?" Hakumbuki jana amekula nini, jina langu ananiita la shangazi yake, ila vidole vilikuta uzi uliokunjika pale palipokuwa na fundo, na fundi yeyote anajua uzi uliofumuliwa haulali kama uzi mpya. Akaitupa. Wiki mbili hakugusa kitu. Nililia mimi, maana niliona nimemfanyia mzee wangu mchezo wa watoto, na yeye alijua.

Kwahiyo la kwanza ninalowaambia, kazi iwe ya kweli. Iwe ndogo, iwe rahisi, lakini iwe na mtu anayeisubiri.

Kosa la pili ni la kuchekesha sasa, japo siku ile sikucheka. Nikachukua nyavu ya kweli ya jirani, nikampa Baba na kisu, nikaingia ndani kushona sare za shule. Wanaojua nyavu wanajua, huanzi kwa kuziba, unaanza kwa kusafisha tundu, unakata zile nyuzi zilizochanika mpaka kila fundo pembeni libaki na miguu miwili, yaani nyuzi mbili zinazotoka kwenye fundo, isipokuwa pale pa kuanzia na pa kumalizia panabaki miguu mitatu. Ni hesabu hiyo. Inataka ukate, usimame, ufikiri, umejua umefika wapi. Baba akakata. Akasahau kama ameshakata, akakata tena. Nilipotoka kuleta chai nikakuta tundu lililokuwa la kupita kichwa cha mtoto limekuwa mlango, unaingia umesimama na ndoo ya maji kichwani. Jirani alipokuja alisimama pale akaliangalia lile tundu, akasema "Mzee, hapa si atapita mamba?" Nilimlipa, tukaelewana, Mungu ambariki yule bwana maana ndo huyo huyo aliyetufundisha namna.

Alisema hivi, mzee wako mkono upo, kilichopotea ni mwanzo. Basi mwanzo fanyeni nyie. Kaka yangu akawa anasafisha tundu jioni akitoka kazini, anafunga uzi mwekundu pale kwenye miguu mitatu, mimi asubuhi najaza uzi kwenye sindano, nafunga fundo la kwanza na la pili, alafu namwekea Baba mkononi sindano ikiwa tayari imeelekea anapotakiwa kwenda. Sisemi kitu. Hapo ni muhimu jamani, usiseme "Baba unakumbuka hii?" Hilo neno unakumbuka ni mtihani, na mtu aliyeshindwa mitihani hamsini tangu asubuhi akisikia wa hamsini na moja anakasirika. Weka tu sindano mkononi, kaa karibu, fanya na wewe kazi yako. Mkono unaanza wenyewe. Unapita juu, unazunguka, kidole gumba kinabana, unavuta, tak. Na kisu hakuna, kukata tunakata sisi.

Tunafanya asubuhi baada ya chai mpaka karibu na adhuhuri, basi. Jioni jua likianza kushuka anachanganyikiwa, anauliza nyumbani ni wapi, hapo hata ukimpa sindano ya dhahabu hataki, na wagonjwa wengi wako hivyo. Miwani naisafisha mwenyewe, maana nilikaa wiki namwona anakosea kumbe miwani imejaa mafuta ya mawese.

Alafu ikaja 2024, ziwa letu la Tanganyika likafungwa watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15. Najua humu kuna watu ile miezi mitatu iliwaumiza na siji hapa kuisifia. Ila nyavu zote zilirudi nyumbani, na kila mwenye nyavu akakumbuka kwamba ina matundu. Baraza letu likajaa. Ziwa limepumzishwa, Baba yuko kazini! Wavuvi walikuwa hawana pa kwenda, wakawa wanakaa naye wanaongea, anasimulia safari za meli ya Liemba kwenda Mpulungu kule Zambia, anarudia hadithi moja mara tatu na wao wanaitikia mara tatu, na mmoja akimaliza anampa elfu moja au mbili mkononi. Anaweka mfukoni mwa kanzu. Baada ya nusu saa anaingiza mkono anaikuta, anafurahi upya kama kaiokota. Ile miezi alikuwa anatembea mwenyewe kwenda chooni.

Sasa maneno. Yamesemwa mengi na mengine yametoka kwa watu waliokaa humu, sijakasirika. "Anamtumikisha babake." "Mzee mzima anashonea watu nyavu na watoto anao." Nawaelewa, sisi kwetu heshima ya mzee ni kumkalisha. Lakini mzee aliyeshinda amekaa, hana anayemhitaji, hana anachokifanya, ukimuuliza mwenyewe angesema anaheshimiwa? Mimi Baba anaponiambia "vuta huku, umelegeza" ndo najua nimemheshimu.

Kuna mama jirani yangu yeye anamuuguza mama mkwe. Yule bibi alikuwa haachi jiko, na ameshaunguza sufuria mbili na kona ya pazia, kwahiyo jiko la mkaa wamelitoa kabisa eneo lake na mimi naunga mkono, moto hauna mjadala. Ila wakampa ungo. Mchele wa familia nzima anaupepeta yeye, watu kumi na moja wanakula mkono wake. Ukimwona anavyorusha ule mchele, pumba zinakwenda mbele, chenga zinarudi nyuma, huwezi kuamini kwamba ndo huyo huyo asubuhi alivaa gauni kichwani. Mawifi wamekuja juu, eti mama yetu amefanywa hausigeli. Yule mama alinyamaza tu, akawaletea ungo mwingine, wakae wapepete naye. Mmoja alikaa, na wanasema siku hiyo ndo bibi alimwita kwa jina lake la utotoni.

Na ibada pia iko mle mle. Baba Yasini anaisoma yote, hakosei. Ila rakaa zinampotea, anaswali adhuhuri, anakaa, anatawadha tena aswali adhuhuri. Tulikuwa tunamwambia "umeshaswali," inakuwa ugomvi, mtu anaambiwa na mtoto wake kwamba asiswali! Sasa mjukuu wake wa miaka tisa anasimama mbele anamswalisha, yeye anafuata. Hakuna anayehesabu.

Niseme kidogo jambo zito. Ndugu zetu wa Tabora na Shinyanga wanajua, wako bibi zetu waliouawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi, wakaitwa wachawi. Mzee mwenye ugonjwa huu anatoka usiku, anaingia uwanja wa jirani hana nguo, anaongea na watu waliokufa. Mnajua wenyewe watu watasema nini. Mimi nimeona Baba anapokaa pale barazani mchana na sindano mkononi, watoto wanamwona, wavuvi wanamsalimia, akipotea usiku anarudishwa na mtu wa bodaboda anasema "nimemleta fundi nyavu wenu." Hajamleta kichaa, wala mchawi. Mzee aliyefichwa ndani hana mtu wa kumtetea nje.

Wale wataalamu wa Hai niliowataja, walifanya pia vikundi. Wazee wenye dimenshia wanakutana, vipindi 14 ndani ya wiki 7, wanaongea, wanacheza, wanashika vitu wanavyovijua vya nyumbani, njia yenyewe ilianzia Uingereza ila wakaigeuza iendane na maisha ya kule kijijini. Kumbukumbu zikaboreka na wasiwasi ukapungua. Hawakuwa na mashine yoyote. Mwenyekiti, hapa tuna baraza, tuna mkeka, tuna bao, mimi naliweka tu hapo mbele yako.

Lakini sitaki kuwauzia dawa. Ugonjwa unaendelea. Mwaka jana Baba alikuwa anaziba tundu zima, mwaka huu akifika katikati macho ya nyavu yanaanza kukua, hayalingani, kaka anafumua na kurudia, na safari hii tunamwambia mwenye nyavu ukweli na tunafumua mbali na macho ya mzee. Tangu mwezi wa saba kazi yake zaidi ni kujaza uzi kwenye sindano. Sindano kumi, kumi na mbili asubuhi moja. Wavuvi wanazichukua kweli, maana kujaza sindano kunachosha na hakuna kijana anayetaka. Ikifika siku hilo nalo limeshindikana tutatafuta dogo zaidi, hata kushika ncha ya uzi wakati mwingine anavuta.

Baada ya kumaliza kuna mzee mmoja aliuliza, na akiwa hakuwa na ufundi wowote, alikuwa karani tu? Nikamwambia karani ana mkono pia, mpe mihuri, mpe karatasi azipange, mpe kalamu. Alafu mama mmoja nyuma kabisa akauliza, siku akikataa kabisa je? Nikamwambia siku akikataa, amekataa, ni mtu mzima. Jana Baba alikataa. Alinirushia sindano ikanipiga hapa shavuni, akaniambia niondoke nyumbani kwake nimwite binti yake. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavaa ushungi mwingine, nikaingia kwa mlango wa mbele nikamwambia shikamoo Baba, nimefika. Akasema marahaba, kuna mwanamke alikuwa hapa ananisumbua, kaa, shika huku.

Sasa mniruhusu, saa nne inakaribia na sindano sijajaza.